Tarehe ya Uongo

Kabambare, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Mume wangu Nathanaël,

Pokea salamu za mke wako wa kwanza, koko aliyemzaa baba yako, yule asiye na meno lakini mwenye haki zote. Nasikia huko Kasongo wasichana wanakuzunguka pale sokoni. Waambie wangoje, bibi yako bado yuko na hajatoa ruhusa.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linaniuma mvua inapokaribia, lakini shambani bado naenda. Karanga zimetoka vizuri. Mbuzi mweusi alizaa mapacha, mmoja akafa. Nyumba ya mwalimu mwenzangu Marie-Louise, tuliyemzika mwaka jana, imeanguka paa na watoto wake hawajaja kuiangalia. Habari za vita vya Kivu tunazisikia kwenye redio, tunasali. Msalimie mama yako Francine. Kitenge alichonitumia nilikivaa Noeli, na wanawake wa jumuiya waliniuliza mara tatu kimetoka wapi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, ni simu ile. Baba yako Salomon alipoinunua kwa dhahabu aliyoichimba Salamabila, mwaka 2016, ilikuwa simu ya kwanza ya kugusa katika barabara yetu yote. Leo imezeeka kama mimi. Unakumbuka Noeli ya 2023 ulipokuja kunitembelea: programu ya meseji ilikataa kufunguka, ikasema imepitwa na wakati na simu haiwezi kupokea ile mpya. Wewe ukairudisha tarehe ya simu nyuma miaka mitatu, programu ikadanganyika, ikafunguka. Ukaniambia, "Koko, usiguse tarehe." Sijaigusa. Kalenda ya parokia inasema tuko 2025, simu inasema 2022, na mimi naishi kati ya hizo mbili.

Lakini tangu Noeli ile simu haijaniletea neno hata moja la Salomon. Mnara wa upande wetu ulikufa zamani, unajua. Kila Alhamisi naenda dukani kwa Kahindo, mwenye antena ya angani juu ya paa, nanunua nusu saa na kukaa kwenye benchi. Simu za wengine zinalia. Yangu inafunguka, inanionyesha maneno yake ya zamani, basi. Nasikiliza sauti yake ya 2023: "Mama, huku Kalemie samaki ni wengi, nitakuletea." Nimeisikiliza mpaka najua mahali anapokohoa.

Najua alivyowaacha wewe na mama yako, miaka sita sasa. Sijasahau. Lakini nilimzaa mimi, na ninamtamani mtoto wangu. Sioni aibu kuliandika.

Nifanyie mambo mawili. La kwanza, wewe ndiwe fundi, nichagulie simu nyingine yenye masikio. La pili, namba ya baba yako nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Huko kwenu mtandao upo. Mwandikie.

Mke wako,
Koko Apolline


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Koko wangu mpendwa,

Barua yako ilifika na Nourdine, yule mbeba mizigo, baada ya siku kumi na mbili, pembe moja imelowa. Anasema piki yake ilizama kwenye matope, akalala njiani mara mbili. Mama ni mzima, anashona sare za shule na anakusalimu sana. Kitenge kimetoka kwa Mama Soraya, waambie hao wanawake. Wasichana hawanizunguki. Wanaonizunguka ni watu ambao simu zao zimeanguka chooni.

Juu ya simu, ngoja nami nikufundishe kidogo, kama ulivyonifundisha hesabu. Watu wakija kununua hapa wanaangalia vitu viwili: kamera ngapi nyuma, na kioo kikubwa kiasi gani. Wakihesabu kamera nne wanacheka kwa furaha. Nawaambia mbili kati ya hizo ni pambo tu, hawanisikii. Hakuna anayeuliza swali la kweli: mtengenezaji wake ataiangalia simu hii miaka mingapi? Simu si sufuria, Koko. Ndani yake kuna programu kubwa inayoziendesha nyingine zote, nayo inahitaji mise à jour, yaani mtengenezaji awe anaitumia marekebisho mapya mara kwa mara. Hizi za rahisi wanaziuza na kuzisahau. Wanaahidi mise à jour, inakuja baada ya mwaka na nusu, au haiji kabisa. Kumbe programu ya meseji yenyewe inaendelea mbele, na siku moja inaikuta simu imebaki nyuma sana, inaikataa. Ndivyo ilivyoipata yako. Rahisi ghali.

Hapa mezani nina tatu. Ya kwanza ina betri ya kutoka. Ikichoka unaweka nyingine kwa mkono wako, na kwa wewe unayechaji kwa paneli ndogo ya jua hiyo ni baraka. Lakini ni ya zamani, baada ya mwaka itakuwa kiziwi. Ya pili ni mpya, betri inakaa siku tatu, ila ubongo wake mzito na nafasi yake finyu: ukiweka picha za ubatizo mmoja imejaa, mise à jour haina pa kuingia. Ya tatu imetumika Ulaya. Ina mkwaruzo kwenye kona na betri yake imebandikwa kwa gundi, lakini mtengenezaji anaiangalia mpaka 2028. Moyo wangu uko kwa ya tatu. Tabu ni kwamba betri imechoka, na ya kubadilisha lazima itoke Lubumbashi.

Wewe unasemaje? Kwa sasa usiguse tarehe ya ile ya zamani, itajifunga.

Mjukuu wako,
Nathanaël


Kabambare, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Mume wangu mwenye maneno mengi,

Mimi ni mzima, mbuzi aliyebaki ananenepa, daraja la miti la hapa chini limechukuliwa na maji na watu wanavuka kwa kamba. Nakusalimu, namsalimu mama yako. Nimemwambia kila mtu Mama Soraya, sasa wanataka niwaagizie vitenge mimi.

Somo lako juu ya simu nimelisoma mara mbili na nimekupa tano juu ya kumi. Mwanafunzi akiulizwa maswali mawili akajibu moja, kwangu hapati zaidi ya hapo. Nilikuandikia namba ya baba yako. Wewe umeniandikia kamera nne.

Nachagua ya tatu. Mimi pia nina mikwaruzo na betri yangu imechoka, tutaelewana. Ila ile ya zamani usidhani nitaitupa, sauti ya baba yako imo humo.

Alhamisi iliyopita Kahindo aliniona nimekaa na simu mapajani, akaacha wateja wake wa Salamabila wakingoja, akaja kukaa nami. Ni mwanamke wa Butembo, anauza kila kitu toka betri hadi chumvi, hana maneno ya kupamba.

"Mama Mwalimu," akasema, "hii simu iko nafunguka muzuri. Pengine ni mutoto ndiye hatume."

"Mutoto wangu atatuma."

"Basi nipe namba, miye nimuite na simu yangu. Dakika moja tu."

Nikakataa. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekataa maji akiwa na kiu. Sikumweleza. Kuna neno kati yangu na Salomon ambalo si la kusemwa kwenye benchi la Kahindo, mbele ya wachimbaji. Wewe ni damu yake, ukimwandikia ni jambo jingine. Nangoja jibu la swali la pili.

Koko Apolline


Kasongo, tarehe 27 mwezi wa nne 2025

Koko mpendwa,

Salamu nyingi. Mama ni mzima. Pasaka tulisali vizuri. Betri ya Lubumbashi haijafika, iliwekwa kwenye treni ya Kindu na hakuna anayejua imelala stesheni gani. Nakutumia sabuni na sukari kwa mkono wa Nourdine.

Juu ya Alhamisi, nakuomba usiende tena kwa Kahindo. Jua ni kali na goti linakuuma. Ngoja simu mpya ifike.

Kazi ni nyingi. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Nathanaël


Kabambare, tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Nathanaël,

Leo sikuiti mume wangu, utaona kwa nini. Salamu zangu ni kwa mama yako, yeye hana kosa. Sabuni na sukari zimefika, asante. Karanga tumevuna, magunia mawili.

Barua yako ya mwezi wa nne ilikuwa fupi kama risiti. Nimefundisha miaka thelathini na nne. Mtoto aliyekuwa anaandika kurasa mbili juu ya betri na gundi, akianza kuandika mistari michache juu ya sabuni, ameficha kitu mgongoni. Hukuniambia kama umemwandikia baba yako. Hukuniambia hata kwamba hutaki kumwandikia. Umeniambia jua ni kali.

Sasa sikiliza lililonipata. Jumamosi nilikwenda parokia kuomba misa kwa ajili ya Salomon. Anayeandika nia za misa ni Elodie, msichana niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe. Akafungua daftari, akashika kalamu, akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, nimuandike fasi gani? Kwa wale wazima ao kwa wale marehemu?"

Nikaangalia kalamu yake. Katika daftari lile kuna safu mbili, hakuna ya tatu. Elodie akangoja. Nyuma yangu watu wakangoja. Ningesema wazima, kumbe amekwisha kufa, ningemnyima mwanangu sala ya marehemu. Ningesema marehemu, ningemzika kwa mdomo wangu. Nikamwambia nitarudi. Nilitembea hadi nyumbani nikilia njia nzima, mchana kweupe, watu wakiniona, na sikuficha uso.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. La Salomon lipo, liko nami kila asubuhi nikiamka. Niambie unachojua. Kama amekufa, nimlilie. Kama yuko na amenikataa, nitajua la kufanya na hilo pia. Lakini usiniandikie tena juu ya jua.

Apolline


Kasongo, tarehe 22 mwezi wa sita 2025

Koko wangu,

Salomon ni mzima. Mwandike kwa wazima. Nimeanza na hilo ili usisome mengine kwa hofu. Mama ni mzima na mimi ni mzima, ingawa sikustahili kulala usingizi niliolala miezi hii.

Kosa ni langu tangu mwanzo. Noeli ile niliporudisha tarehe, niliona nimefanya ujanja wa fundi. Hapa Kasongo nimewafanyia watu wengi, wakanisifu, kwa sababu walitaka tu kuona picha zao. Katikati ya mwezi wa tatu mteja mmoja akanirudishia simu, akasema inafunguka lakini haipokei. Nikakaa nayo siku nzima. Koko, kabla ya kukupa ujumbe wako, mashine zinazoutunza huko mbali zinalinganisha saa na tarehe na simu yako. Zikikuta simu inaishi 2022, haziiamini, zinafunga mlango. Kwa hiyo ukiweka tarehe ya kweli, programu haifunguki. Ukiweka tarehe ya uongo, inafunguka na haipokei kitu. Ujumbe ambao haukufika unatunzwa kama mwezi mmoja, kisha unatupwa. Zile Alhamisi zote ulikaa bure kwenye benchi, na ni mkono wangu uliokukalisha pale.

Nilijua hayo na sikukuambia. Mwanzo ilikuwa aibu ya kazi. Baadaye haikuwa aibu tena. Namba uliyoandika nyuma ya karatasi niliichukia. Nilikuwa na miaka kumi na minane alipoondoka. Nilimwona Mama akiuza viti vya nyumba kimoja kimoja, mpaka tukala tumekaa chini. Nikajisemea: acha na yeye aonje kukosa jibu. Sikutaka kuona kwamba anayekosa jibu ni wewe. Nisamehe kama unaweza.

Barua yako ya misa niliisoma mbele ya Mama. Akasimamisha cherehani.

"Ni miye aliniacha," akasema. "Haikuwa koko wako. Andikia baba yako leo, nikiona."

Nikaandika mistari mitatu, yeye amesimama nyuma yangu: Koko yuko hai, simu yake haikuwa inapokea, anangoja neno lako. Sikutia salamu. Baada ya saa mbili ikaja sauti. Nimeisikiliza mara nyingi ili nikuandikie neno kwa neno:

"Wewe ni nani uko naandika hivi? Usicheze na mutu juu ya mama yake. Miye nilituma sauti mwaka muzima, kila siku alama moja tu, haziingie. Kisha mutu mumoja wa biashara akatoka Kabambare, akasema walizika mwalimu mukubwa, mwanamuke, wa shule ya misioni. Nikajua ni Mama. Nilinyoa kichwa. Tulikaa matanga siku tatu, watu wote wa Maniema wa hapa Kalemie walikuya. Kama ni kweli Mama iko muzima, mumupe simu aseme lile jina alikuwa ananiita mu utoto. Hakuna mwingine analijua."

Alikukalia matanga, Koko. Alama moja, ya ujumbe usiofika, kwa mwaka mzima, halafu habari ya mazishi. Angefikiri nini tena?

Betri imefika. Nourdine anakuletea simu ya tatu. Nimeiwasha hapa kwa namba mpya, ili usihangaike na tarakimu za kuthibitisha, na jina la Salomon liko juu kabisa. Ikiomba mise à jour, kubali ukiwa kwa Kahindo, usiizime kabla haijamaliza. Tarehe yake inajiweka yenyewe.

Nathanaël


Kabambare, tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Mume wangu mbaya,

Nakusalimu, maana salamu ni ya Mungu. Simu imefika salama ndani ya gunia la dagaa, inanuka, inafanya kazi. Ningeweza kukutumia sauti sasa, lakini Kahindo ana masikio na haya nataka uyasome ukiwa umekaa.

Nimekukasirikia siku nne. Nilikuwa naongea peke yangu shambani, nakutaja kwa majina ya baba wa babu yako. Umenificha mwanangu miezi mitatu. Siku ya tano nikachoka. Siku ya sita nikakumbuka kwamba na mimi nina langu, nami sikuwahi kukuambia.

Wiki mbili kabla ya Noeli ile, Salomon alinitumia sauti kunieleza kwamba ana mke mwingine Kalemie na mtoto. Nikamfikiria mama yako. Hasira ikanipanda kichwani, nikamjibu: "Usinitumie sauti yako tena. Siku utakumbuka njia ya kwetu, kuya na miguu yako." Baada ya hapo simu ikajifunga, wewe ukaja ukaifungua, na kimya kikaendelea. Nikajua amenitii. Kumbe alikuwa ananijibu kila siku. Hilo ndilo neno nililokataa kumwambia Kahindo. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote, wewe ulifunga mlango wa simu baada ya mimi kuufunga kwa mdomo. Hasira hasara. Methali hiyo nimeifundisha darasa la nne miaka yote ile.

Alhamisi nikaenda na simu yako. Nikabonyeza jina lake. Uso wake ukatokea, mzee, kichwa kina nywele fupi za mtu aliyenyoa na kuacha ziote. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Nikasema lile jina tu, ambalo hata wewe sikuandikii. Simu ikamponyoka mkononi. Kwa muda mrefu nikawa naangalia mabati ya nyumba ya Kalemie na kumsikia analia. Kahindo akaanza kupanga maboksi ya chumvi yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Mwishowe akaiokota. "Mama, walikuzika."

"Walimuzika Marie-Louise," nikamwambia. "Miye niko kwa Kahindo, na nusu saa yangu iko naisha."

Akacheka akiwa bado analia. Kahindo akasema siku hiyo halipishi mtu. Tuliongea mpaka jua likageuka. Jioni nikaichukua simu ya zamani, nikaiweka tarehe ya kweli kwa kidole changu. Programu ikajifunga, na sauti yake ya samaki imebaki humo ndani. Iliniuma, sikudanganyi.

Amesema atakuja. Nimezeeka, Nathanaël, nimekwisha kusikia watu wengi wakisema watakuja. Nangoja.

Mke wako tena,
Koko Apolline


Kabambare, tarehe 14 mwezi wa tisa 2025

Mume wangu,

Salamu zenu wote. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu anaishika yeye. Amefika.

Alikuja Jumanne mchana, nyuma ya piki iliyotoka Kongolo, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa namenya karanga. Hakupiga hodi, alisimama pale penye mbuzi kama mtu aliyesahau nyumba. Nikampa kibao akae, akachukua karanga na kuanza kumenya nami, na tulifikia nusu ya ungo ndipo tukalia. Samaki alileta kweli, wakavu, wengi mno.

Siku tatu za kwanza aliniangalia mimi. Alikuwa ananigusa mkono nikipita, kuhakikisha. Sasa haniulizi tena habari zangu, anauliza zako. Unakula nini, kazi yako ikoje, una urefu gani. Urefu wako nilimwonyesha kwa mkono, akabisha, akasema hapana, ni mfupi zaidi, maana yeye anakumbuka yule wa miaka kumi na minane. Habari za mama yako anauliza akiwa ameangalia chini.

Jana kwa Kahindo nilimwona akifungua jina lako. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Nikamwuliza anaogopa nini.

"Mama," akasema, "yeye aliniandikia mistari mitatu, salamu haikuwa ndani. Nitaanza na nini?"

Nikamwachia benchi. Mtoto wake mdogo wa Kalemie ni msichana, ana miaka miwili, anaitwa Naomie. Sijui kama nilipaswa kukuambia, nimekuambia. Atarudi huko mwisho wa mwezi huu. Sikulazimishi, mume wangu. Una haki ya hasira yako, na hata mimi mbele yake sijaificha yangu. Ila nilikaa kwenye benchi lile zaidi ya mwaka mzima, na sasa namwona yeye amelikalia akiangalia jina lako, na siwezi kuvumilia kulitazama.

Koko Apolline


Kasongo, tarehe 20 mwezi wa tisa 2025

Koko,

Barua yako imefika leo, mbio kuliko zote. Mama ameisoma kabla yangu, akanirudishia, kisha akaanza kunipigia pasi shati.

Nilitaka kutuma ujumbe kwa simu. Niliandika na kufuta, mara sijui ngapi, mpaka nikajicheka. Simu za wateja nimemwachia Yves, fundi mwenzangu, meza nimeifunga kwa wiki mbili. Nourdine anaondoka kesho alfajiri na barua hii. Piki yake imejaa mizigo, hakuna nafasi yangu, kwa hiyo mimi nitamfuata keshokutwa na mwingine. Daraja lenu likiwa bado la kamba, nitavuka kwa kamba.

Sijui nitasema nini nikifika. Nina maneno makali niliyoyatunza miaka sita, na sitayaacha Kasongo. Atayasikia yote, nikiwa nimekaa mbele yake.

Mwambie Baba asiondoke.

Nathanaël